Adapta Bubu ya Bi Zuhura

Kibanda changu nilikifunga mwezi uliopita. Nilidhani nimestaafu, lakini mafundi wenzangu wa safu yetu hapa Likoni hawajapata habari. Kila siku mmoja huja barazani kwangu na simu ya mteja mkononi. Huanza na shikamoo, akauliza habari za magoti yangu, kisha akafika pale alipokuwa akienda: "Mzee Hamisi, simu hii haina tundu la waya za masikio, na mwenyewe hazitaki zile zisizo na waya. Tumfanyeje?" Basi nimeamua kuandika. Atakayekuja tena nitampa karatasi hizi asome, nami nimalize usingizi wangu.

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Vyeo sikuwahi kuwa navyo. Kibandani kwangu nilikuwa mkurugenzi, na asubuhi nilikuwa mfagizi.

Nilifundishwa na marehemu Mzee Kombo, fundi wa redio, mtu wa Mji wa Kale aliyevuka maji akaja kuweka meza huku kwetu kwa sababu kule kwao, alisema, kila mteja ni binamu. Siku yangu ya kwanza nilifika na bisibisi mpya mfukoni nikitaraji kufungua kitu. Hakunipa cha kufungua. Alinipa redio iliyokufa, akaniambia niiweke sikioni nisikilize. Nilisikiliza mpaka adhuhuri.

"Yasemaje?" aliniuliza.

"Haisemi kitu, mzee. Imekufa."

"Imekufa vipi?"

Swali sikulielewa, maana kwetu tuliambiwa kufa ni kumoja. Mzee Kombo akaichukua, akaisikiliza kidogo, akasema, "Hii yapumua. Ile ya pale haipumui. Hayo ni maradhi mawili, na wewe wataka kuyazika kaburi moja."

Kwake nilijifunza mita, kibano, na kichomeo cha risasi, kile cha kuunganishia nyaya, ambacho nilikishika vibaya siku ya pili na alama yake ninayo hadi leo. Lakini somo alilolirudia kila wiki halikuwa na chombo. Alisema, "Usimpimie mtu chombo chake kwa chombo chako." Redio ya mteja ipime kwa betri za mteja. Spika ya mteja ipime kwa kaseti ya mteja, hata kama kaseti yenyewe ni mbovu, kwa sababu ndiyo atakayokwenda kuipiga. Nililifuata somo hilo tangu zama za kaseti mpaka za simu. Nililivunja mara moja tu, na nitaeleza.

Kwanza niseme kuhusu mke wangu, Mwanamisi, kwa kuwa kibanda kilikuwa chetu wawili. Mimi siwezi kusema uongo. Sijisifu, ni kama mtu asiyeweza kupiga mluzi. Mteja akiniuliza, "Fundi, simu yangu tayari?" nilimjibu, "Sijaigusa bado." Wateja hawapendi jibu hilo. Basi Mwanamisi alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma ya kabati la vioo. Yeye aliwaambia, "Fundi yuko nayo tangu alfajiri, chai hajanywa, imembakia kidogo tu," na mteja akaondoka akinionea huruma. Kisha alinigeukia na kusema, "Haya, iguse sasa, nisije nikawa mwongo." Nami niliigusa. Kwa namna hiyo uongo wake wote ulikuwa ukweli uliotangulia.

Mwaka ambao simu zisizo na tundu zilianza kujaa mezani kwetu ndio mwaka aliofariki. Watu wa safu walinipa pole, na wengine sikuweza kujua wananipa pole ya lipi.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Zamani waya za masikio zilikuwa na tundu lao la duara, juu au chini ya simu. Watengenezaji wakaliziba, wakaacha tundu moja tu la chaji. Ukitaka kusikiliza kwa waya wahitaji adapta, kimkia kifupi ambacho upande mmoja waingia kwenye tundu la chaji, na upande wa pili wapokea pini ya waya zako. Mteja akiona adapta kumi mezani huziona zote ni ndugu. Si ndugu. Kuna adapta yenye kidude ndani, kidogo kuliko chembe ya mchele, kinachogeuza hesabu za simu ziwe sauti. Hiyo ina akili yake. Na kuna ambayo ndani ni nyaya tupu, yategemea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha kuiva. Simu chache hutoa. Nyingi hazitoi. Ukiichomeka ya nyaya tupu kwenye simu isiyotoa, itaingia vizuri, itakaza vizuri, na itanyamaza vizuri. Hizo niliziita adapta bubu.

Kabla hujailaumu adapta, angalia tundu. Askari mmoja wa hoteli ya Shelly Beach aliniletea simu akasema ameuziwa adapta mbovu mara tatu. Nilichukua kijiti cha meno, cha mti, si sindano, nikatoa tunduni mchanga, nyuzi za mfuko wa suruali, na kipande cha andazi la kaimati. Adapta zote tatu zikafanya kazi. Hakufurahi hata kidogo. Mtu aliyekuwa na haki ya kulalamika akinyang'anywa haki hiyo, usitaraji ashukuru.

Angalia pia mipangilio ya simu. Zipo zinazotaka uziruhusu kwanza zitambue kitu cha nje, na zikikaa kitambo zinajisahaulisha zenyewe, kama mlinzi wa lango anayekuuliza jina kila siku. Na mwambie mteja kwamba hataweza kuchaji na kusikiliza kwa pamoja, ila akinunua ile ya pacha yenye matundu mawili. Mwambie kabla hajaondoka. Usipomwambia atarudi kukuambia yeye, na sauti yake itafika mbali kuliko yako.

Nilirudi kazini baada ya arubaini ya Mwanamisi. Kiti chake sikukiondoa. Nilikiwekea sanduku la chaja mbovu ili mtu asikikalie, na watu walielewa, wakasimama. Mtu wa kwanza kulishusha sanduku lile alikuwa Bi Zuhura wa mtaa wa Shika Adabu, mama mtu mzima, rafiki ya mke wangu tangu siku za kupika pamoja kwenye maharusi. Aliliweka chini, akakaa, akapanga buibui lake, akasema, "Kiti ni cha kukaliwa, Hamisi." Nilimuamkia tu.

Alikuwa amepewa simu mpya na mjukuu wake aliyeko Changamwe. Simu nzuri, imejazwa mawaidha na qasida, lakini haina tundu, naye alikuwa na waya zake za zamani alizozipenda. Mjukuu alimnunulia pia zile ndogo zisizo na waya.

"Ziko wapi?" nilimuuliza.

"Moja iko kabatini. Ya pili ilitumbukia kwenye mchuzi wa papa."

"Haikutolewa?"

"Ilitolewa, ikaoshwa. Lakini mimi, mwanangu, siwezi kutia mawaidha kwenye sikio linalonuka papa."

Nilimtafutia adapta. Nilimwomba simu yake niipime, akasema ameiacha nyumbani, yapata chaji. Kuanzia Likoni hapa mpaka kwake si mbali, lakini miguu yake ilikuwa haimsaidii, na mimi siku zile sikuwa na moyo wa kumrudisha mtu. Nikaichomeka adapta kwenye simu yangu mwenyewe. Ikaimba. Nikamfungia.

Simu yangu ni katika zile chache zinazotoa sauti iliyoiva. Nilijua. Miaka yote ile na Mzee Kombo, na nilijua.

Alhamisi iliyofuata alikuja kunijulia hali. Nikamuuliza, "Ile adapta yaendeleaje, Bibi?" Akasema, "Alhamdulillah." Alhamisi ya pili nikamuuliza tena. "Alhamdulillah, mwanangu, twashukuru." Wenzangu mliotoka bara, lisikieni hili kwa makini. Alhamdulillah ni shukrani kwa Mola, si ripoti kwa fundi. Mtu wa pwani aliyevunjika mguu atakwambia alhamdulillah, kisha, ukikaa naye sana, atakwambia habari za mguu. Mimi nimezaliwa hapa, na nilikuwa wa kwanza kusahau.

Karibu miezi miwili ikapita hivyo. Bi Zuhura alikuja kila Alhamisi, akakaa kitini kwa Mwanamisi na waya masikioni, macho ameyafumba, akitikisa kichwa polepole. Nilifurahi kumwona. Nilisema moyoni, angalau mmoja nimemtengenezea jambo likatengenea.

Jirani yangu kibandani ni Mama Kadzo, auzaye mahamri na viazi vya karai, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo. Alhamisi moja alimtazama Bi Zuhura akitikisa kichwa, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Bibi huyu akishavaa hizo waya, hata mbuzi akimlia buibui hajui."

Bi Zuhura, macho bado ameyafumba, akasema, "Mbuzi ana adabu kukushinda."

Mama Kadzo alilidondosha andazi kwenye mafuta yakamrukia. Mimi niliinuka. Nikamwomba Bi Zuhura waya zake, nikazitia masikioni. Skrini ilionyesha mawaidha yanakwenda, dakika zinahesabika. Sikioni hamkuwa na kitu. Hata pumzi.

"Bibi," nilisema, "hii ina muda gani haisemi?"

"Haijasema tangu uliponipa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umetoka kuzika, Hamisi. Nikurudishie na bidhaa?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Nilifungua droo, nikatoa adapta yenye akili, nikanyoosha mkono niichukue ile bubu. Bi Zuhura akaifunika kwa kiganja.

"Wacha," alisema.

Akamtuma Mama Kadzo amletee viazi, naye akajua anafukuzwa, akaenda kwa kuchelewesha. Ndipo Bi Zuhura akanieleza.

Siku za kwanza alizivaa zile waya kwa ajili ya kumstahi mjukuu, na kwa ajili ya kunistahi mimi. Nyumbani anaishi na mwanawe Athumani, dereva wa malori ya bandarini, na mkewe Athumani, Rukia. Wote walifurahi kumwona amejishughulisha. Na kwa kuwa aliyevaa waya hahesabiwi, wakaanza kuzungumza mbele yake.

"Nimejua mengi miezi miwili hii kuliko miaka kumi na masikio wazi," alisema. "Nimejua Rukia yuwasema mchuzi wangu una chumvi. Wa kwanza kujiongezea ni yeye. Nimejua jirani yangu ameposa kwa nani, na nani amemkataa. Wakinitazama natikisa kichwa. Mara moja moja nasema Subhanallah, wapate kujua niko mbali."

"Bibi, hilo ni kudukiza."

"Sijadukiza. Nimekaa kwenye kiti changu, uani kwangu. Maneno ndiyo yaja."

Kisha akaacha kucheka. Athumani na Rukia walikuwa wanapanga kumhamishia Kisauni, kwa binti yake Mwanajuma, kwenye nyumba ya kupanga iliyo ghorofa ya tatu. Wangemwambia anakwenda wiki mbili kwa ajili ya daktari wa miguu. Akishaondoka, nyumba ya Shika Adabu, aliyoachiwa na mumewe na aliyozalia watoto wote, ingevunjwa zijengwe za kupangisha. Wakishaanza kuvunja, atarudi wapi?

"Ghorofa ya tatu," alisema, "na miguu hii. Nikipanda siku hiyo, atakayeshushwa ni maiti."

"Waambie hutaki."

"Wataniuliza nimejuaje. Niseme nini? Mama mkwe nimekaa miezi miwili nimewafanya wapumbavu? Rukia hatanitazama tena, na mwanangu atatahayari mbele ya mkewe. Nangoja nisikie siku. Nikishaijua siku, nitaugua."

Aliniomba jambo moja tu, ninyamaze. Nikamwambia, "Kunyamaza naweza. Lakini nikiulizwa, Bibi, wanijua."

"Nakujua. Lakini nani atakuja kukuuliza wewe habari za adapta?"

Athumani alikuja Jumatano.

Alikuwa amenunua simu mpya, haina tundu. Ni mtu mkubwa, mpole, wa kuinamisha kichwa akiingia kibandani. "Shikamoo, Mzee Hamisi. Nimekuja nipate adapta kama ya mama. Ile ile. Ile ya mama ni kiboko, wallahi. Akishaivaa, hata paa liporomoke hasikii."

Mama Kadzo, aliyekuwa amekwisha kunusa jambo ingawa hajui ni lipi, alisogeza karai lake karibu.

Nikatoa adapta yenye akili. "Hii ni nzuri," nikamwambia.

"Ni kama ya mama?"

"Si kama ya mama. Ni bora."

"Mimi nataka ya mama."

Ilikuwa imebaki moja ya aina ile. Kanuni ni kanuni. Niliichomeka kwenye simu yake mwenyewe, nikampa waya atie masikioni mwake mwenyewe. Akasikiliza. Akatoa waya, akazitazama, akazirudisha.

"Haisemi," alisema.

"Haisemi."

"Mbona ya mama yasema?"

Nikamwambia, "Simu hazifanani, Athumani."

Neno lile lilikuwa kweli tupu, na nililisema ili kuficha. Nilikuwa nimefanya jambo ambalo Mwanamisi alikuwa akilifanya kwa huruma, na mimi nimelifanya kwa woga, tena vibaya. Athumani hakuona kitu. Akajaribu ile yenye akili, uso ukamfunguka, akasikiliza qasida nzima amesimama. Akiwa anaondoka akasema, bila kunitazama, "Jumamosi tunampeleka mama Kisauni. Wiki mbili tu, kwa ajili ya miguu. Gari nimeshalipata."

"Mwenyewe ajua?"

"Tutamwambia asubuhi hiyo. Wazee, ukiwaambia mapema, hawalali."

Alipokwenda, Mama Kadzo alisema, "Fundi, leo umekuwa mwekundu kama pilipili. Una nini?"

"Nina kosa la kazi," nilimjibu.

Alhamisi Bi Zuhura hakuja. Miguu. Usiku na mchana nilikuwa na ile Jumamosi yake mdomoni, sijui niipeleke vipi. Nikimwambia yeye, ataugua kwa kusingizia, na watamngoja apone. Nikimwambia Athumani kwamba mamake ajua, nitakuwa nimemvua nguo mama wa watu uani kwake. Nilizungusha jambo lile kama mtu anayetafuta waya uliokatika ndani ya mpira, hauonekani, mpaka uupinde kila mahali. Na mwisho nikaona kwamba katika shauri lote lile kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho ni changu kukisema. Kosa la adapta.

Ijumaa, baada ya swala, nilivaa kanzu, nikatia adapta nzuri mfukoni, nikaenda Shika Adabu.

Wote walikuwa uani. Bi Zuhura kwenye kiti chake na waya zake masikioni, macho ameyafumba. Rukia alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Athumani amekaa kwenye mkeka, na nyuma yake, kando ya mlango, nikaona mkoba wa nguo umekwisha kufungwa, umefunikwa leso kama mkate. Walinikaribisha, wakanipa maji, wakaniuliza habari za nyumbani. Nilijibu zote. Kisha nikasema nililokwenda kusema, na nililisema kwa sauti, kwa sababu sikutaka kulirudia.

"Nimekuja kuomba radhi. Ile adapta niliyompa Bibi ni mbovu kwake. Nilimpimia kwa simu yangu badala ya simu yake. Haijatoa sauti hata siku moja."

Rukia aliacha kuchagua mchele.

"Hata siku moja?" aliuliza Athumani.

"Hata siku moja. Tangu siku niliyomuuzia."

"Lakini mama huitikisia kichwa."

"Alikuwa akinistahi mimi. Nilikuwa kwenye msiba, hakutaka kunirudishia bidhaa. Kosa ni langu, si lake."

Sijawahi kusikia kimya kama kile, na mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza vimya. Niliwaona wote wawili wakirudi nyuma siku kwa siku, wakikusanya kila walilolisema uani pale. Rukia alifika kwenye mchuzi kabla ya mumewe kufika Kisauni. Nilimwona alipofika. Aliinuka, akaenda kutazama chungu ambacho hakikuwa na moto chini yake.

Bi Zuhura alikuwa amefumbua macho. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Alinitazama tu, na ndipo nilipoanza kushuku kwamba siku ile ya kwanza, aliponiambia hakuna atakayeniuliza, alikuwa anajua vema anamwachia nani siri yake. Ukitaka siri ikae, hunipi mimi. Mama wa watu ananijua tangu nina ndevu nyeusi.

Akanipa simu. Nikachomoa ile bubu, nikachomeka nzuri, nikamwambia achague mwenyewe cha kusikiliza, akachagua. Nikamtia waya masikioni. Aliruka kidogo. Kisha uso wake ukatulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona zile Alhamisi zote, hata kichwa hakukitikisa. Alisikiliza mpaka qasida ikaisha na nyingine ikaanza. Akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Haya. Sasa ndio sisikii. Semeni."

Kuku walisema.

Athumani alikaa pale mkekani amekishika kichwa. Mtu mkubwa vile, alikuwa amejikunja kama mtu anayetafuta kitu chini. Mwisho akausogeza mkeka mpaka miguuni kwa mamake, akanyoosha mkono, akamtoa waya mmoja sikioni, polepole, kama anayeogopa kumwamsha. Akautia sikioni mwake. Waya ni mfupi, ikabidi amwegemee gotini. Wakasikiliza pamoja kitambo, mimi nikitazama maji yangu.

"Mama," alisema baadaye, "wataka kuhamia Kisauni?"

"Sitaki."

"Kwa Mwanajuma? Hata kwa muda?"

"Siku ya Idi nitakwenda kula. Jioni nitarudi kwangu."

"Na nyumba?"

"Nikifa, vunjeni. Mimi sitasikia."

Athumani alicheka, na macho yake hayakuwa yakicheka. Akatoa simu yake mfukoni, akampigia mwenye gari, akamwambia asije Jumamosi. Yule mtu wa gari aliuliza kuna nini, maana tulimsikia akiuliza, na Athumani akamjibu, "Hakuna. Tulisahau kumuuliza mwenye safari."

Rukia alirudi kutoka jikoni na sinia. Aliweka chakula mbele yetu, wali na mchuzi wa mama mkwe, akamtilia Bi Zuhura kwanza, kisha mimi, kisha mumewe. Kwenye sahani yake mwenyewe alitia mchuzi mara mbili bila kumtazama mtu. Bi Zuhura alizitoa waya masikioni, akazikunja vizuri, akaziweka kando ya sahani, akanawa mikono, akala.